Kipimo cha Nukta

Pikipiki ilishushwa kutoka kwenye gari la ofisi saa tatu asubuhi, wakati foleni ya akina mama wenye watoto ilikuwa imeshazunguka kona ya zahanati. Ilikuwa pikipiki ya porini, matairi yake ya meno makubwa, madigadi ya mbele imeinuka kama pua ya mtu mwenye majivuno. Kiti kilikuwa juu mno. Dereva wa gari alipoiegemea, kilimfika kwenye mkanda wa suruali.

"Haya," alisema Mkuu wa zahanati, mwanamke wa makamo aliyependa mambo yaishe kabla ya chai. "Chanjo za milimani hazitapelekwa tena kwa kuomba lifti. Kuna nafasi moja ya ajira ya kudumu, na nyinyi wawili ndio mikataba yenu inaisha mwisho wa mwezi. Mkaguzi atakuja baada ya siku kumi na mbili. Atakayeiweza hii ndiye atakayebaki."

Wawili hao walikuwa Mlingoti na Nukta. Mlingoti aliinama kila alipopita mlangoni, na jina lake halikuhitaji maelezo. Nukta alipewa lake chuo cha uuguzi, siku ya kwanza, na mwalimu aliyekuwa akimtafuta darasani ilhali amesimama mbele yake. Hakuwahi kulichukia. "Sentensi haiishi bila mimi," alizoea kusema, na katika chumba cha chanjo maneno hayo yalikuwa kweli tupu: mtoto aliyewashinda wauguzi wote kwa kilio aliletwa kwake mwisho, na kilio kikakatika.

Mlingoti alirusha mguu, akakaa, nyayo zake zote mbili zikalala chini kama mtu aliyekaa mezani anasubiri chakula. Akazunguka uwanja mara mbili, akairudisha. Nukta akaishika. Akapanda kwa kukanyaga kikanyagio kwanza, kama mtu anayepanda kitanda cha juu, na kwa muda mfupi akawa amekaa vizuri kabisa. Kisha pikipiki ikaegemea kushoto kidogo tu, naye akateremsha mguu kutafuta ardhi. Ardhi haikuwepo. Walianguka pamoja, polepole, na kila mtu akapata nafasi ya kutazama.

"Pole, dada!" mama mmoja alipaza sauti kutoka kwenye foleni. "Ama isubiri ipungue, ama usubiri urefuke!"

Foleni nzima ikacheka. Mlingoti alikuja kumwinua, naye akicheka, lakini si kwa ubaya. "Nukta, hii si saizi yako. Hakuna aibu hapo. Mimi mwenyewe siwezi kulala kwenye kitanda cha mtoto."

Nukta alijipangusa vumbi kwenye sare. "Mkuu, inaruhusiwa kupunguzwa urefu?"

Mkuu alitazama saa, akaitazama pikipiki, kisha akamtazama yeye. "Mumeo si fundi? Ipunguzeni. Lakini ni mali ya ofisi. Kisikatwe kitu, kisitobolewe kitu. Mtakachokibadilisha kiweze kurudi kama kilivyokuwa. Mlingoti, nawe utataka kufanya mazoezi?"

"Mazoezi ya nini?" alisema Mlingoti. "Mwachie siku zote kumi na mbili."

Nukta aliisukuma kwa miguu hadi nyumbani, mtaa mzima ukimwona. Muuza mkaa akamuuliza kama punda amegoma. Wasichana wa shule wakampisha njia kwa heshima kubwa mno, na alipowapita akasikia wanapasuka kwa kicheko. Nukta aliendelea kusukuma. Jasho lilikuwa limeshalowesha kola.

Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili na baraza pana lililoezekwa bati. Upande wa kushoto wa baraza ulikuwa wa mume wake, ambaye watu wote walimwita Fundi. Ulinuka oili na petroli. Upande wa kulia ulikuwa wa mama yake Fundi, aliyeitwa Mama Cherehani, nao ulinuka kitambaa kipya na chaki. Mara kwa mara mteja alikosea upande, akajikuta anampa mama mzee mnyororo uliokatika.

"Habari zimekutangulia," alisema Fundi.

"Wamesemaje?"

"Kwamba umeanguka vizuri."

Alikuwa mtu wa maneno machache, mrefu, mwenye mikono isiyoishiwa weusi hata siku za sherehe. Aliizunguka pikipiki mara mbili bila kuigusa. Akamwomba mkewe apande huku yeye ameishika, akainama kutazama pengo lililokuwa kati ya kiatu na ardhi. Lilikuwa shibiri nzima. Akatandika gunia, akalala chini. Aliilegeza springi ya nyuma ili pikipiki ikae chini kidogo inapopandwa, halafu akalegeza vishikio vya ile mirija miwili ya mbele inayobeba gurudumu, akaipandisha ili mbele nako kushuke, akakaza.

"Panda sasa."

Vidole vya miguu ya Nukta viligusa chini kwa ncha, kama mtu anayechungulia dirisha la jirani.

"Haishuki zaidi?"

"Hapo ndipo mwisho wake," alisema Fundi, akifuta spana. "Zaidi ya hapo ni hatari."

Nukta hakuuliza tena. Mumewe alipogusa injini na kusema imekufa, watu walikwenda kununua nyingine bila kuuliza mtu wa pili.

Alifanyia mazoezi kwenye uwanja wa wafyatua tofali, nje kidogo ya mji, kila jioni baada ya kazi. Mahali tambarare aliweza. Aliijua klachi siku ya pili, gia siku ya tatu. Shida ilikuwa kusimama. Kila aliposimama mahali penye mteremko hata mdogo, mguu ulifika chini ukiwa umeshachelewa, na pikipiki ikalala, naye juu yake au chini yake.

Siku ya kwanza wafyatua tofali walicheka. Siku ya pili walicheka kidogo. Siku ya nne mzee mmoja aliyekuwa akibeba tofali mbichi aliweka mzigo wake chini, akamwendea.

"Binti, usiivute kwa mikono, utajivunja kiuno. Igeuzie mgongo. Chuchumaa. Shika usukani kwa mkono huu, shika chuma cha nyuma kwa ule. Sasa usiinue, tembea kinyumenyume, mapaja yafanye kazi."

Nukta akatembea kinyumenyume. Pikipiki ikasimama kana kwamba imeitwa jina lake.

"Hivyo hivyo," alisema mzee. "Mzigo hauangalii kimo."

Tangu siku hiyo alipata mazoezi ya kutosha ya kuinua, maana aliendelea kuanguka. Siku ya sita alianguka na kisanduku cha kubebea chanjo kikiwa kimefungwa nyuma, kimejazwa mawe kuiga uzito, na bomba la moshi, likiwa bado la moto, likamlalia kwenye shavu la mguu.

Fundi ndiye aliyemfunga kidonda. Nukta alimwelekeza, kwa kuwa yeye ndiye muuguzi, lakini alimwachia afanye. Vidole vile vilivyoweza kufungua nati iliyoshika kutu miaka kumi vilikuwa vinahangaika na bandeji.

"Umekaza mno," alisema Nukta.

Akalegeza.

"Sasa itafunguka."

Akakaza tena, safari hii polepole. Kisha, bila kuinua kichwa, akasema, "Acha hii kitu."

"Niache niende wapi?"

"Ukae hapa. Mimi nina kazi, Mama ana kazi. Hatutalala njaa."

"Sijasema tutalala njaa. Kule juu kuna watoto hawajawahi kuchomwa sindano hata moja. Mwezi uliopita mama mmoja alitembea tangu alfajiri, alipofika nikamwambia dawa zimekwisha, aje wiki ijayo. Unajua alinijibu nini? Alisema asante. Afadhali angenitukana."

Fundi alikunja kipande cha bandeji kilichobaki, akakikunja tena hadi kikawa kidogo kama sanduku la kiberiti. "Mlingoti naye anaweza kuzipeleka," alisema.

Nukta aliushusha mguu kutoka kwenye kigoda, akaenda ndani akichechemea.

Kesho yake asubuhi hakukuwa na zamu. Mama Cherehani alikuwa akikunja pindo la suruali ya mteja, pini zimejaa midomoni, macho yake yakienda kwa mkwewe aliyekuwa akiipangusa tope pikipiki.

"Mkwe wangu," alisema baada ya kutoa pini ya mwisho, "mimi sijui mambo ya mashine. Lakini mtu akiniletea suruali inayomburuza, siikunji nusu ukucha nikamwambia hapo ndipo mwisho wake. Na hicho kiti mbona hakijaguswa? Sponji yote hiyo ni ya nini?"

"Fundi amesema ndiyo imeisha, Mama."

"Amesema," alisema Mama Cherehani, akarudi kwenye pindo lake.

Nukta aliendelea kupangusa. Alifika kwenye mirija ya mbele, pale juu inapochomoza kwenye vishikio. Tope lilipotoka, akaona mistari. Ilikuwa imechongwa kwenye chuma, myembamba, imepangana sawasawa. Mistari mitano. Mwanamke huyu alikuwa amesoma mistari ya bomba la sindano kwa miaka kumi na moja. Hangeweza kuuona mstari asiuhesabu. Mrija ulikuwa umechomoza hadi mstari wa kwanza. Akatazama wa upande wa pili. Wa kwanza.

Fundi alikuwa amepiga magoti upande mwingine wa baraza, akichomoa tairi.

"Fundi," alisema. "Hii mistari ni ya nini?"

Kelele za spana zikakoma.

"Ni mitano," aliendelea. "Umetumia mmoja."

Fundi alisimama. Upande wa pili, gurudumu la cherehani lilikuwa limesimama pia.

"Umenipunja," alisema Nukta. Hakupaza sauti. "Nilikuuliza, ukasema hapo ndipo mwisho wake. Nimeanguka siku sita kwa kipimo chako. Huu mguu umeufunga mwenyewe jana, huku unajua."

"Najua."

"Kwa nini?"

Fundi aliketi juu ya tairi alilokuwa analichomoa. "Mwaka jana, yule mpeleka barua wa milimani. Pikipiki yake ililetwa hapa kwa mkokoteni. Helmeti ilikuwa imefungwa kwenye usukani, imepasuka kama kifuu. Mkewe alikuja nayo. Akaniuliza, 'Fundi, inatengenezeka?' Nikamwambia inatengenezeka. Akaanza kulia. Mpaka leo sijui alikuwa ananiuliza kuhusu nini." Alijifuta vidole kwenye suruali. "Pikipiki hazinijii zikiwa nzima, mke wangu. Mimi naziona baada ya kuanguka tu. Nilidhani ukishindwa hapa uwanjani, kwenye udongo laini, utakata tamaa mwenyewe. Nami nisingelazimika kukukataza."

Nukta alimtazama. Hasira ilikuwa bado ipo, lakini ilikuwa imepata mwenzake wa kukaa naye.

"Na mimi watu hawanijii wakiwa wazima," alisema. "Wanakuja wameungua, wameanguka, wamenywa mafuta ya taa. Ningefanya kama wewe, ningekufungia ndani, nisikuruhusu hata kupanda ngazi." Akavuta pumzi. "Niambie unaogopa. Nitakusikiliza. Lakini usinipimie uongo. Ukinipunja wewe, nani atanipimia haki?"

Fundi aliinuka, akaja akasimama karibu naye, pikipiki ikiwa katikati yao.

"Naogopa," alisema.

"Nimesikia."

"Kupita kiasi."

"Nimesikia, baba." Akampa kile kitambaa cha tope. "Sasa niambie kweli. Inashuka kiasi gani?"

Fundi aliinama kutazama chini ya kiti, na kwa mara ya kwanza tangu pikipiki iingie barazani, aliitazama kama anavyotazama kazi. "Inashuka," alisema. "Inashuka sana. Lakini si jambo la kugusa mahali pamoja. Mbele na nyuma lazima zishuke sawa, la sivyo itakuwa inapiga magoti."

"Hayo ndiyo niliyokuwa nasema tangu asubuhi," alisema Mama Cherehani, na gurudumu la cherehani likaanza kuzunguka tena.

Ilikuwa kazi ya siku tatu. Kwanza Fundi alimpima mkewe upya, amevaa buti za kazi, na Mama Cherehani ndiye aliyeshika utepe, kwa sababu kupima mguu wa ndani ni taaluma yake na hakumwamini mtu. "Upana wa kiti nao unakula mguu," alimwambia mwanawe. "Mtu akitanua mapaja, anafupika. Kifanye chembamba mbele."

Kiti cha ofisi kilivuliwa kikiwa hakijachanwa hata uzi, kikafungwa kwenye shuka. Fundi alitoa darini kiti kikuukuu cha pikipiki nyingine, akakirekebishia boliti, akakikata sponji kwa kisu kirefu, akampandisha Nukta, akamshusha, akakata tena. Mama Cherehani alikishonea ngozi ya bandia nyeusi. Sindano tatu zilivunjika. Ya nne ilipovunjika alisema neno ambalo mkwewe hakuwahi kumsikia akilisema, kisha wote watatu wakacheka mpaka mteja mmoja akachungulia kujua kuna nini.

Mirija ya mbele ilipandishwa hadi mstari wa nne. "Wa tano siufikii," alisema Fundi, "na sababu nitakuonyesha kwa macho yako." Akaibana mbele ya pikipiki kwa kamba hadi chini kabisa, akamwita aone jinsi tairi lilivyokaribia madigadi: kidole kimoja kilipita, cha pili kikakwama. Nukta akaingiza kidole chake mwenyewe. Akaridhika.

Nyuma kulikuwa na vipande viwili vya chuma vilivyounganisha springi na mkono wa gurudumu. Fundi alivitoa, akachonga vingine kwa bamba nene, virefu kidogo, kwa kuwa vikirefuka hivyo, pikipiki hukaa chini. Vya zamani alivifunga kwa kitambaa, akaandika juu yake kwa chaki ya mama yake: *Nyuma, kulia. Nyuma, kushoto.* Ili kuhakikisha nyuma haitagonga, alihitaji uzito. Akapanda yeye. Haukutosha.

"Mama, njoo ukae nyuma yangu."

"Mimi? Na magoti haya?"

Lakini alikuja. Wakambeba, wakampandisha, akamshika mwanawe kiunoni kwa mikono miwili, na Fundi akaanza kuirusharusha pikipiki juu chini barazani huku Nukta amelala kifudifudi na tochi akichungulia. "Haigongi!" alipiga kelele. "Rudia! Haigongi!" Mama Cherehani alikuwa amefumba macho. Aliposhushwa aliuliza kama wanahitaji kuhakikisha mara nyingine.

Kisha wakaisimamisha kwa stendi yake, nayo ikaanguka upande wa pili kwa kishindo. Stendi ilikuwa imebaki ndefu ilhali pikipiki imefupika. Fundi alijipiga paji la uso. Alitengeneza nyingine, ya zamani ikaingia kwenye mfuko pamoja na vile vyuma na kiti.

Siku zilizobaki alikwenda naye uwanjani. "Usitafute ardhi kwa miguu miwili," alimwambia. "Mmoja unatosha. Telezesha nyonga kidogo, shusha wa kushoto, wa kulia ubaki kwenye breki. Chagua mahali pa kusimama kabla hujasimama." Alikimbia kando yake kwenye mteremko, mkono umeshika chuma cha nyuma, akihema. Jioni ya mwisho Nukta alisimama juu kabisa ya mteremko, mguu mmoja chini, unyayo wote umelala. Akageuka kumwambia jambo, akamwona mumewe yuko chini kabisa, mikono mifukoni, amemwachia tangu katikati.

Mkaguzi alikuwa mwanamume mnene mwenye daftari, aliyeonekana kuchoka kabla ya kuanza. Mlingoti aliitwa kwanza. Alirusha mguu kama kawaida yake, akakaa, na magoti yake yakapanda mpaka yakakaribia viwiko.

"Mmenikunja kama mwavuli," alisema. Foleni ikacheka, safari hii ikimcheka yeye, na uso wake ukabadilika. Mkataba wake nao ulikuwa unaisha. Alikuwa na wazazi wawili wanaomtegemea.

"Nani ameichezea hii?" aliuliza Mkaguzi.

Nukta akaleta mfuko. Akatoa kiti kwenye shuka, vyuma vyenye maandishi ya chaki, stendi. "Hakijakatwa kitu, bwana. Kila kitu kinarudi."

Mkaguzi alivitazama vile vyuma, akavigeuza. "Sasa tufanyeje? Huyu hawezi hivi, yule hawezi vile."

"Kila mtu aendeshe kwa kipimo chake," alisema Nukta. "Mume wangu yuko pale nje ya uzio. Atairudisha kama ilivyokuwa kwa ajili ya mwenzangu, halafu ataishusha tena kwa ajili yangu."

Fundi aliingia na mkoba wake wa spana. Alifanya kazi uwanjani mbele ya foleni nzima. Mlingoti alisimama juu yake, kivuli chake kikimfunika.

"Fundi," alisema kwa sauti ya chini, "utaniwekea sawasawa kweli? Mimi na mkeo tunagombea kitu kimoja."

Fundi alikuwa anateremsha mrija, akiutazama mstari. "Nimeshapunja mtu mara moja mwaka huu," alisema. "Inanitosha." Akakaza nati ya mwisho, akaijaribu mara mbili, akampisha.

Mlingoti aliendesha vizuri. Hakuna aliyeweza kusema vinginevyo. Alipanda mteremko wa nyuma ya zahanati na kisanduku cha chanjo kimefungwa, akasimama katikati, akaondoka, akarudi. Watu wakampigia makofi. Kisha Mkaguzi akailaza pikipiki chini na mzigo wake. "Kule milimani hakuna wa kukuinulia," alisema. "Inua."

Mlingoti hakuwahi kuanguka nayo hata siku moja. Aliishika usukani, akavuta kwa nguvu zake zote, na nguvu alikuwa nazo. Pikipiki ikateleza kwenye vumbi. Akavuta tena, petroli ikaanza kutiririka, kisanduku kikachomoka kwenye kamba. Mara ya tatu ilisimama, naye alisimama ameshika kiuno, uso umekunjamana.

Fundi akaishusha tena. Nukta akapanda. Juu kwenye mteremko alichagua mahali kabla hajasimama, akatelezesha nyonga, akashusha mguu, akasubiri. Pikipiki ilitulia. Akaondoka bila kurudi nyuma hata hatua moja. Mkaguzi alipoilaza chini, Nukta hakuitazama mara mbili. Aliigeuzia mgongo, akachuchumaa, akatembea kinyumenyume, ikasimama, kisanduku kikiwa mahali pake.

Mkaguzi alisahau kuandika.

"Hii umejifunzia wapi?"

"Kwa kuanguka, bwana," alisema Nukta. Fundi, karibu na uzio, aliinamisha kichwa.

Barua ilikuja baada ya siku nne. Nafasi ya milimani ilikuwa ya Nukta. Mkataba wa Mlingoti uliongezwa miezi sita, na Mkuu akaahidi kumwombea zaidi. Haikuwa haki kamili, lakini haikuwa mlango uliofungwa. Mlingoti alikuja kumpa mkono, akamwomba amfundishe kuinua kile chuma kwa mgongo. Alimfundisha siku hiyo hiyo, uani, na wote wawili wakachafuka.

Usiku Nukta alimwambia mumewe, "Usidhani nimesahau. Kuanguka kulinisaidia, lakini si hilo ulilokusudia."

"Sidhani," alisema Fundi.

Jumatatu ya kwanza Nukta aliondoka kukiwa na ukungu na kurudi saa kumi na moja jioni. Watoto thelathini na wanane. Alizima injini barazani, akaketi kwenye benchi ya wateja avue buti, akamwambia Fundi kuhusu daraja la magogo, na kuhusu bibi mmoja aliyetaka naye achomwe sindano ili asionekane mwoga mbele ya wajukuu. Alikuwa bado anasimulia alipofika katikati ya sentensi na kunyamaza. Kichwa kilikuwa kimeegemea ukuta, helmeti bado ipo, mdomo wazi kidogo.

Fundi alipiga magoti, akamfungua kamba za buti moja baada ya nyingine, akazivua polepole. Mama Cherehani aliacha kushona, akaleta kanga, akamfunika miguu.

Mwanamume mmoja akaingia barazani akiburuza pikipiki iliyopinda gurudumu. "Fundi! Afadhali nimekukuta. Hili ni la kugonga nyundo mbili tatu tu, nami naondoka."

Fundi alimwashiria ashushe sauti. "Njoo kesho."

"Kesho? Mbona nyundo iko hapo? Kwani kuna mgonjwa?"

"Hapana," alisema Fundi, akiichukua nyundo na kuiweka ndani, mbali kabisa. "Kuna mtu ametoka kazini."